Kompyuta ilikuwa inazima kila mzee akikaa karibu, sababu nimeijua tumeshamzika

Wakuu, poleni na majukumu. Nawasalimu kutoka Tukuyu, ukungu umeshuka mpaka barabarani na mvua haijaamua kama inanyesha au inatania.

Nitakachosimulia kimetokea ndani ya nyumba yangu, na sijakitia chumvi. Ningefurahi sana kama kingekuwa chai, hadithi ya kutunga tu.

Wale wa jukwaa la tech huenda mnanikumbuka. Miezi kadhaa nyuma nilifungua uzi kule, desktop inazima ghafla bila onyo, naomba msaada. Mlinisaidia, mkabishana kurasa mbili nzima, halafu mimi nikapotea bila kuleta mrejesho. Leo nauleta. Nimeuleta huku kwa sababu mambo yenyewe si ya kompyuta tena.

Ni ndefu kidogo. Wavivu wa kusoma mtanisamehe.

Nina stationery ndogo hapa Bagamoyo. Siyo ile ya Pwani, msianze, ni kata ya hapa hapa mjini Tukuyu. Chumba cha mbele ndiyo ofisi, vya nyuma tunaishi mimi, mke wangu na watoto.

Natoa photocopy, najaza fomu za wanafunzi, lakini kazi inayonilisha hasa ni misiba. Huku kwetu hakuna anayezikwa bila wasifu kusomwa, na siku hizi watu wanataka uwe umechapwa. Ndugu wanakuja na karatasi imekunjwa mara nne, imeandikwa na watu watatu wanaobishana mwaka wa kuzaliwa, mimi nainyoosha, naprint, wanakimbilia makaburini.

Mashine yangu ni desktop ya zamani, nilinunua used. Seremala alinitengenezea meza yenye kisanduku upande wa kushoto, CPU linaingia humo. Nilikipenda sana kile kisanduku. Nilijiona nina ofisi.

Sasa mwezi wa sita nikamleta baba kutoka Suma.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu. Moyo ulikuwa umechoka, miguu inavimba, daktari akasema awe karibu na hospitali. Kutoka Suma kuja mjini mvua ikiwa imenyesha siyo safari ya mgonjwa.

Hakuwa mzee wa kusumbua. Hakuchagua chakula, hakulalamika kelele za watoto. Kilichomtesa ni baridi. Anayeijua Tukuyu ya mwezi wa saba ananielewa: nguo unaanika Jumatatu, Alhamisi unaanua bado mbichi. Kwa hiyo popote alipokaa tulimwashia jiko la mkaa tukamsogezea miguuni. Dirisha tunaacha wazi, msije mkanipa somo la hewa ya mkaa, hilo nalijua.

Wiki ya pili akaniita.

"Mwanangu, nataka unichapie barua."

"Ya nani baba?"

"Ya baba yako mdogo."

Nilishtuka wakuu. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Baba na mdogo wake wa Nkunga walikuwa hawajasemeshana kwa zaidi ya miaka kumi. Chanzo ni siku ya kumzika bibi, mama yao. Baba mdogo alitaka bibi alale Nkunga, pembeni ya kaburi la babu, kwenye migomba ya nyumbani. Baba akasema hapana, mama alinitamkia mimi kwamba atalala Suma. Baba mdogo akauliza, alikutamkia lini, nani shahidi? Baba akamjibu mbele ya waombolezaji wote, mbele ya wachungaji, "Wewe mlevi huna sauti hapa."

Bibi akazikwa Suma. Baba mdogo aliondoka kabla jeneza halijashuka, na hakukanyaga Suma tena.

Kwetu huku kumkatalia mtu mahali pa kumlaza mama yake siyo ugomvi mdogo. Ni bora umnyang'anye ng'ombe.

Nikamwambia baba, si umpigie simu tu? Akatikisa kichwa. "Nilimkosea mbele ya watu. Nitamwomba mbele ya watu." Mpango wake ulikuwa hivi: barua ichapwe, aweke sahihi, ipelekwe kwa wazee wa kanisa Nkunga, isomwe baada ya ibada baba mdogo akiwa amekaa pale na majirani zake wakisikia.

Kwa nini ichapwe? Mikono ilikuwa inatetemeka. Na alikuwa na aibu. Huyu ni mtu ambaye mwandiko wake wa ubaoni wanafunzi wake wa zamani bado wanausimulia, hakutaka mdogo wake aone ule mwandiko wa mgonjwa.

Basi Jumatatu moja mchana tukaanza. Nikamketisha kushoto kwangu, koti, kofia ya sufu, blanketi magotini. Jiko nikalisogeza katikati ya kiti chake na meza.

Mzee akaanza kunisomea imla kama niko darasa la nne. "Kwa mdogo wangu mpendwa. Mkato. Salamu katika jina la Bwana. Nukta. Aya mpya." Nikawa nacheka kimoyomoyo. Nachapa, anasubiri, anaendelea.

Alipofika kwenye habari za mazishi ya bibi, nukta na mikato vikaisha. Akaanza kuongea tu. Sauti ilishuka, macho anaangalia makaa. Mimi nakimbizana na maneno, niko sentensi tatu nyuma, macho kwenye keyboard. Feni ya CPU nayo ikaanza kulia kama mashine ya kusaga, nikawa nawaza hii feni nayo ina nini.

Kuna mahali nilimkatisha. "Baba, polepole, sijafika hapo." Akanyamaza akanisubiri. Halafu akaendelea, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Aliongea karibu nusu saa.

Pap. Screen nyeusi.

Umeme upo, taa inawaka, redio ya jirani inaimba. Mashine tu ndiyo imekufa.

"Imefika wapi?" baba akauliza.

Nikamwambia haijafika popote. Sikuwa nimesave hata neno moja. Mimi, mtu wa stationery, ninayewafokea wanafunzi kila siku wasave kazi zao.

Hakukasirika. Alijifuta uso kwa kona ya blanketi, akasema tutaendelea siku nyingine, amechoka. Mke wangu akamshika mkono akampeleka kulala.

Nikatoa jiko nje, nikafungua dirisha lote, nikapanga karatasi kidogo. Nikabonyeza power, ikawaka bila shida. Word ikaniletea kile kidirisha cha pembeni, kwamba kuna document haikuhifadhiwa, je unaitaka?

Wakuu, hapa ndipo panaponiuma mpaka leo.

Pale kaunta alikuwa amesimama mteja na wasifu wa marehemu wao, mazishi saa nane, jasho linamtoka. Nikabonyeza haraka haraka kile kidirisha kiondoke. Kikaniuliza nihifadhi? Nikabonyeza hapana. Nikaanza kazi ya mteja.

Siku mbili baadaye tukarudia. Safari hii nasave kila mstari. Baba alianza upya kwa imla yake, lakini alikuwa mzito. Kila aya anapumzika. Alifika kwenye maneno "Kuhusu siku ya kumzika mama", akasema mkato, akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu mno. Nilidhani amesinzia, kumbe anatafuta pa kuanzia.

Kabla hajapapata, pap.

Basi ndiyo nikaingia vitani na ile mashine.

Nilibadilisha extension. Nikakopa stabilizer kwa jirani mwenye saluni. Nikachomoa RAM nikazisugua kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Nikascan virus. Nikaja kufungua ule uzi kwenu. Na katika majibu yenu, mkuu mmoja aliuliza swali moja fupi: "Inapata joto?"

Nikamjibu kwa kejeli, yale maandishi bado yapo mnaweza kuyasoma. Nilimwambia mkuu hujui Tukuyu wewe, huku mwezi wa saba tunalala na makoti, hiyo mashine ingekuwa na mdomo ingeomba blanketi. Mkanipa likes kumi na kitu. Yule mkuu hakurudi tena kwenye uzi.

Mkuu, kama unasoma, ulikuwa sahihi. Nisamehe.

Tatizo ni kwamba siku nilizokuwa napima mwenyewe, mashine haikuzima hata mara moja. Naiwasha asubuhi, nachapa, naweka miziki, inakwenda mpaka jioni. Nikachukua power supply nyingine kwa fundi, nikaifunga mwenyewe. Mwisho nikapiga format, Windows mpya kabisa, mafaili ya kazi nikayahamishia kwenye flash kwanza. Wiki mbili ikaenda bila kukohoa. Nikajipongeza.

Nikamwendea baba chumbani. "Baba, imepona. Tuimalize barua."

Alifurahi. Alijivuta mwenyewe mpaka ofisini. Siku hiyo dada yangu Sekela alikuwa amekuja kutoka Suma kumwona, ameleta mbalaga kwenye hotpot, zile ndizi zetu za kupika na nyama, akakaa mlangoni. Nikaweka kiti cha mzee mahali pale pale. Nikaweka jiko mahali pale pale.

Dakika ishirini, bado anatafuta pa kuanzia, hata mstari mmoja haujaongezeka. Pap.

Nilipandwa na hasira wakuu. Siyo kwa baba, kwa mashine, lakini aliyekuwa mbele yangu ni baba. Nikasema, na nilikuwa nacheka nikisema, "Baba, hii mashine inakuogopa. Usipokuwepo inafanya kazi vizuri, ukikaa tu inazima."

Nilitania. Ila namba zilikuwa upande wangu: mara tatu amekaa, mara tatu imezima. Wiki mbili nzima hayupo, haijazima.

Sekela pale mlangoni akasema taratibu, kama anajisemesha mwenyewe, "Ni bibi. Hataki hiyo barua."

Nilimtazama, nikataka kumwambia aache upuuzi. Sikumwambia. Nilikuwa nimechoka, na ndani yangu kuna sehemu ilikuwa imeshaanza kujiuliza hilo hilo.

Baba alisikia. Alifunika mikono kwa blanketi.

Kesho yake asubuhi nikampelekea chai. Akaniambia, "Mwanangu, iache ile barua. Mama amekataa. Nilimtumia jina lake vibaya siku ile, sasa hataki nimtaje. Namwelewa."

Wakuu, mimi nina kidato cha sita. Najua power supply ni nini, najua RAM ni nini. Nilitakiwa nikae pale kitandani nimwambie, baba hiyo ni mashine tu, mbovu, niambie mimi nitaandika hata kwenye daftari. Nauza madaftari. Nauza kalamu za kila rangi, zimejaa kwenye kopo kaunta.

Nilimwambia, "Sawa baba." Kwa sababu kazi zilikuwa zimerundikana, na mashine ikizima wateja wanakwenda kwa jirani.

Tangu siku ile hakuja tena ofisini. Jiko tukawa tunamwekea chumbani. Mashine ikafanya kazi safi kabisa, na kila siku iliyopita bila kuzima ilikuwa kama inathibitisha maneno ya Sekela. Nilikuwa nasikia kikohozi chake ng'ambo ya ukuta nikiwa nachapa wasifu za watu wengine.

Wiki ya tatu alizidiwa. Tukampeleka hospitali Jumapili, Jumatano asubuhi akatutoka. Alikuwa na mke wangu. Mimi nilikuwa nimerudi kufungua ofisi.

Mke wangu anasema hakuteseka. Anasema baba alimwuliza kama mama yake anaweza kumpokea, na yeye akamjibu ndiyo baba, atakupokea. Sijui kama aliamini.

Ndugu wakaanza kukusanyika hapa mjini kabla ya kumpeleka Suma. Nyumba ikajaa, mpaka ofisini wakaingia kina mama, maana nje mvua ilikuwa inamwagika. Mimi nikakaa kwenye mashine nichape wasifu wa baba. Niliona ni kazi yangu, nisimwachie mtu.

Shangazi akaingia na jiko. Akatafuta mahali penye nafasi, akalitua kushoto kwangu, kati ya meza na kile kiti alichokuwa anakalia baba. Kiti kilikuwa kitupu, hakuna aliyetaka kukikalia.

Nikachapa kuzaliwa. Nikachapa shule alizofundisha. Nikawa kwenye ndoa na watoto, feni ikaanza kulia.

Pap.

Baba alikuwa mochwari.

Nilikaa naitazama ile screen. Shangazi ananiuliza umeme umekatika? Nikageuka kushoto nikaangalia chini. Jiko lilikuwa limegusana na kile kisanduku changu kizuri cha seremala. Makaa mekundu, moto unapuliza moja kwa moja kwenye matundu ya CPU. Nikaingiza mkono nikaligusa lile CPU, nikautoa haraka.

Kila baba alipokaa pale, jiko lilikaa pale. Mimi ndiye nililiweka. Na kila mashine ilipozima, kitu cha kwanza ilikuwa kumwondoa mzee, cha pili kutoa jiko, cha tatu kufungua dirisha, halafu ndiyo naijaribu. Kwa nini isiwake?

Nililia pale wakuu. Kina mama wakanishika, wakadhani namlilia baba. Nilikuwa namlilia, lakini siyo kwa namna waliyodhani.

Wasifu niliumalizia kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, kurasa mbili. Ulisomwa Suma juu ya kaburi na hakuna mtu aliyeuliza kwa nini haujachapwa.

Baada ya msiba nikamwita fundi Shabani, ana kibanda chake hapa Bagamoyo karibu na msikiti. Nilikuwa najua jibu lakini nilitaka lisemwe na mtu mwingine. Akafungua ubavu wa CPU, akang'oa feni ambayo mimi nilipochomoa RAM sikuigusa, akawasha tochi ya simu, akaguna.

"Kaka, hapa mlikuwa mnachoma nini?"

Kile chuma cha kupoozea processor, heatsink, hakikuonekana. Majivu meupe laini yameshona kila upenyo, feni inazunguka lakini hewa haipiti. Ile dawa ya katikati ya processor na heatsink ilikuwa imekauka, anaikwangua inatoka ungaunga.

Akanieleza kwa upole. Kwamba kwa baridi ya huku, hata ikiwa imeziba hivi, inaweza kujikongoja siku nzima, kwa sababu hewa yenyewe ni ya baridi. Ukiiwekea moto ubavuni ndiyo inafika mwisho, inajizima yenyewe isiungue. Akasema tena haikuwa mbovu, ilikuwa inajilinda. Na majivu yenyewe inaonekana ni ya miaka, kila msimu wa baridi uliopita wateja walinikuta na jiko chini ya meza, mwaka huu tu ndiyo lilihamia kwa baba.

Alisafisha kwa brashi na blower, akapaka dawa mpya, hata nusu saa haikufika. Alipofunga ubavu akasema, "Usijali, ishapona hii." Nikamlipa, nikamshukuru.

Nikampigia Sekela nikamwambia yote. Akasema, "Mungu wangu, na mimi nilisema vile." Tangu siku hiyo hatujaliongelea tena. Kila mmoja anajua mwenzake anawaza nini.

Sasa bado sijafika mwisho.

Baba mdogo alikuja kwenye mazishi. Alisimama nyuma kabisa, chini ya mgomba, na mwavuli. Hakusogea kaburini, na kabla ya chakula akawa ameondoka. Watu wakasema, unaona, mpaka leo ana kinyongo.

Wiki mbili baadaye nafungua ofisi asubuhi, namkuta mlangoni. Buti za shambani, koti limelowa mabegani. Ametoka Nkunga mapema sana. Akasimama upande wa wateja, hakutaka kuingia ndani.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Kwetu hiyo ndiyo salamu, ndiyo pole, ndiyo asante, na siku hiyo sikujua alimaanisha ipi. "Sekela ameniambia kuna balua yangu."

Kiswahili cha baba mdogo ni cha hivyo, hajakaa sana darasani. Aliyekaa ni baba.

Nikawasha mashine nikafungua lile faili la siku ya pili, lilinusurika kwa kuwa nililihamishia kwenye flash. Nikaprint. Ni mistari sita. Kwa mdogo wangu mpendwa, salamu, naandika nikiwa mgonjwa lakini akili zangu ni timamu, nimekaa muda mrefu na mzigo huu. Halafu: Kuhusu siku ya kumzika mama, basi.

Akaisoma polepole, kidole kinafuata mstari. Akageuza nyuma ya karatasi, hakuna kitu. Akaigeuza tena.

"Imeishia hapa?"

Nikamweleza baba mdogo kila kitu, jiko, majivu, mashine. Nilimweleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Sijui alielewa nini kuhusu CPU, lakini aliuweka mkono wake kwenye kaunta akasema:

"Mimi sina shida na kalatasi. Siku ile ya kwanza alisema yote, si ndiyo? Na wewe ulikuwepo. Basi niambie kwa mdomo. Alisemaje?"

Wakuu, nilifungua mdomo.

Nilikumbuka feni. Nilikumbuka kwamba nilikuwa sentensi tatu nyuma. Nilikumbuka kumwambia polepole, sijafika hapo. Nilikumbuka machozi, kofia, makaa. Nilikumbuka kwamba alisema bibi alimwomba jambo siku zake za mwisho. Jambo gani, sikushika. Maneno yalikuwa yanapita sikioni yanaelekea vidoleni, na mimi nilikuwa nasubiri nije kuyasoma baadaye kwenye screen.

Nikamwambia, "Aliomba msamaha, baba mdogo."

"Kwa maneno gani?"

Nikashindwa.

Ningeweza kutunga. Kazi yangu ni hiyo, kila wiki nanyoosha maneno ya marehemu nisiowajua. Lakini alikuwa ananitazama usoni na macho yake ni yale yale ya baba, nikashindwa.

Akasubiri. Alipoona hakuna kinachokuja akaikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akaifungia kifungo. Akasema, "Haya, mwanangu. Sasa sitajua kama alidanganya au mama alimwambia kweli." Akashuka na mvua yake.

Kwa upande wa mashine nimeshajifunza, na wa nyanda za juu mnisikie: baridi ya nje haisafishi heatsink. Fungua, pulizia majivu, jiko liwe mbali. Na save.

Ila hilo la majivu ni dogo. Mtu wako akianza kusema neno alilolibeba miaka kumi, acha unachofanya, geuka umtazame. Ukishalisikia vizuri utaliandika siku yoyote, hata kwa kijiti chini. Mimi nilikuwa mtu wa karibu kuliko wote na nilikuwa sipo.

Pole zenu nitazipokea, asanteni. Wa kunisema pia karibuni, sitabishana na mtu safari hii.

Lakini hasa nimekuja na swali kwa wenye ujuzi wa data recovery. Hard disk ni ile ile. Baada ya ile siku ya kwanza nilipiga format, nikaweka Windows mpya, na nimeitumia karibu miezi miwili kabla sijaichomoa. Sasa hivi nimeifunga kwenye soksi, iko kabatini, siigusi. Mafundi wawili wa Mbeya wameniambia haiwezekani. Baba mdogo ananipigia kila Jumapili akitoka ibadani, anauliza kama imepatikana, na kila Jumapili namwambia bado.

Kuna anayejua namna? Sihitaji barua nzima. Hata ule mstari mmoja tu, wa bibi alimwomba nini.